Mkwe Aliyejipa Mbili

Majirani zangu, na ninyi wenzangu mnaoamka mapema kwenda maofisini, leo nina neno nanyi. Kuna ugonjwa umeingia katikati yetu na dawa yake haiuzwi dukani. Mtu anajipa maksi mwenyewe, anajipigia makofi mwenyewe, kisha ananuna wengine wasipomshangilia. Mimi niliuona ugonjwa huo ukiingia katika nyumba ya heshima, mchana kweupe, tena kwa mlango wa mbele.

Nyumba yenyewe inagawana ukuta na yangu. Mwenye nyumba ndiye bosi wangu kazini, kwa hiyo asiniulize mtu nimeyajuaje haya. Chuoni yeye ni mkuu wa kozi ya uzamili ya uendeshaji wa hospitali, na mimi ni sekretari wake. Sote tunamwita Mkuu. Hata mkewe humwita hivyo, ila wakati ule alimwita Mkuu akiwa amekasirika tu. Siku za amani alimwita mzee wangu.

Na siku za amani zilikuwa nyingi. Jumamosi asubuhi, nikianika nguo, nilikuwa nawaona ng'ambo ya ukuta. Mkuu yuko na gazeti lake. Mkewe, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anamwagilia maua huku akisahihisha Kiswahili cha mtangazaji wa redio. Mkwe wao, mke wa mtoto wao wa pekee, kakaa mezani na vitabu vyake, anacheka mpaka anashika mbavu. Mumewe ni mpima ardhi, kazi inampeleka mbali, na hurudi mwisho wa wiki na viatu vya matope ambavyo mama yake haviruhusu kuvuka kizingiti. Nawaambia, kulikuwa na watu mtaani ambao kama wangeweza kuiazima ile nyumba na amani yake wangeiazima.

Mkwe huyo alikuwa akifanya kazi maabara hospitalini kabla ya kurudi shule. Alipotaka kuendelea na masomo, Mkuu mwenyewe ndiye aliyesema, "Njoo kwenye kozi yangu, mwanangu. Utahangaikaje na vyuo vya mbali wakati mwalimu unakula naye meza moja?" Akasajiliwa. Darasani alimwita Mkuu kama wengine, nyumbani akamwita baba, na mambo yakaenda vizuri mpaka wiki ya fomu.

Hapa nivumilieni niwaeleze hizo fomu. Chuo chetu kilikuwa na njia moja tu ya kujua kama wanafunzi wamejifunza, nayo ilikuwa kuwauliza wenyewe. Siku ya kwanza mwanafunzi anapewa fomu yenye stadi zote anazotakiwa kuwa nazo mwendesha hospitali. Naweza kupanga zamu za wafanyakazi. Naweza kusoma hesabu za hospitali. Naweza kuongoza kikao chenye ugomvi. Kando ya kila stadi anajipa namba, kuanzia moja, yaani sijui kitu, mpaka tano, yaani nimebobea. Mwisho wa kozi anapewa fomu ileile na kujipa tena. Mimi napiga wastani. Namba zikipanda, tunasema kozi imefundisha. Na zilipanda kila mwaka, jamani, kama unga uliotiwa hamira.

Zingeachaje kupanda? Kabla ya kujaza, Mkuu alikuwa na desturi yake. Anasimama mbele ya darasa, anaweka tai sawa, anasema, "Ndugu zangu, kumbukeni hamjijazii wenyewe tu. Mnaijazia kozi." Darasa linacheka, linaelewa. Mwaka ule kiongozi wa darasa alikuwa bwana mmoja mtanashati tuliyembandika jina la Bwana Tano. Alimaliza kujaza kabla wenzake hawajapata kalamu. Alishuka na tano zake kutoka juu mpaka chini kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake, bila hata kusoma alichoulizwa.

Mwaka huohuo wakaguzi walikuwa wanakuja. Kibali cha kozi kilikuwa kinakwisha, na wakaguzi wakikataa kukiongeza, kozi inafungwa. Ile kozi Mkuu aliijenga kwa mikono yake, akaanzia katika chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Aliomba walimu, akaomba vitabu, akazibembeleza hospitali ziwapokee wanafunzi wake kwa mafunzo ya vitendo. Kozi kufungwa kungekuwa msiba kwake, na nasema hivi ili msimhukumu haraka. Hofu ikimkalia mtu kichwani, hata mtu mwema hupotea njia akiiona.

Basi nikakusanya fomu. Tano, tano, nne moja ya mtu mnyenyekevu, tano tena. Nikafika kwenye ya mkwe, nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa upya.

Kupanga zamu alijipa mbili. Kusoma hesabu, tatu. Kuongoza kikao chenye ugomvi, mbili. Na penye stadi ya ununuzi wa vifaa vya hospitali hakutia namba kabisa, aliandika tu, "Hatujafundishwa." Mbaya zaidi, nilipoitafuta fomu yake ya siku ya kwanza nikakuta kwenye zamu alikuwa amejipa nne. Kwa hesabu zetu, binti huyu aliingia anajua akatoka hajui. Nikampelekea Mkuu. Akaitazama, uso ukambadilika, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hii ni ya nani?" Na mwandiko anaujua vizuri.

Jioni ile sikuhitaji kutega sikio. Ukuta wetu ni mwembamba, na Mkuu akikasirika sauti yake haijui mipaka ya viwanja.

"Mwanangu, nimekukosea nini?" alianza.

"Hujanikosea kitu, baba."

"Basi hii mbili ni ya nini? Unajua inasema nini? Inasema nimekufundisha mpaka ukasahau ulichokuja nacho!"

"Baba, nilipoingia sikujua zamu ni kitu gani. Nilidhani ni kugawa watu kwa siku, basi. Ndiyo maana nilijipa nne."

Kisha akamsimulia jambo ambalo hakuwa amemsimulia mtu. Akiwa kwenye mafunzo ya vitendo, alipewa kazi ya kupanga zamu za wodi ya upasuaji. Akapanga. Kila muuguzi siku sawa na mwenzake, mapumziko sawa, na walioomba Jumapili wapumzike na watoto wao akawapa Jumapili. Ratiba ikapigwa rangi, ikabandikwa ukutani, ikasifiwa. Jumapili mchana mama mmoja aliyetoka kupasuliwa akaanza kulia kwa maumivu. Dawa ya kumtuliza ilikuwepo, palepale, ndani ya kabati la dawa kali. Lakini ufunguo wa kabati hilo hushikwa na wauguzi walioruhusiwa tu, na walioruhusiwa wote walikuwa nyumbani na watoto wao, kwa ratiba ya mkwe.

"Alilia mpaka sauti ikamkauka, baba," mkwe alisema. "Mpaka alipotafutwa mwenye ufunguo akaja. Nami nimesimama pale, nyuma yangu ukutani kuna ratiba yangu ya rangi. Na kwenye ripoti ya mafunzo niliandikiwa vizuri sana. Kwa nini? Kwa sababu ratiba ilikuwa safi!"

"Sasa si umejifunza?" Mkuu akadakia. "Kama umejifunza, jipe tano!"

"Nilichojifunza ni kwamba sijui, baba. Tangu hapo nimekuwa nikienda wodini kila nikipata nafasi, napanga, nawaonyesha wauguzi, wananitoa makosa. Bado wananitoa makosa. Hiyo ndiyo mbili yangu."

Nikasikia meza ikipigwa. "Ibadilishe!"

Mkwe alipojibu, sauti yake ilikuwa ya adabu kama kawaida, na hilo ndilo lililonitisha.

"Baba, ukinituma popote nitakwenda. Lakini namba hiyo nikiibadilisha nitakuwa nimekudanganya wewe, na yule mama nitakuwa nimemtukana."

"Basi usiniite baba tena!"

Ndugu zangu, neno likitoka halirudi. Tangu jioni ile nyumba ile ikawa baridi. Mkwe akawa anasalimia, Mkuu anaitikia kwa koo. Mama akaacha kumwagilia maua, na redio ikawa inakosea Kiswahili bila wa kuisahihisha. Jumamosi mtoto wao aliporudi, baba yake alimpokea mlangoni na maneno, "Mkeo ananichimbia kaburi nikiwa hai." Maskini, hata matope hajafuta. Akamfuata mkewe ndani.

"Jamani, si namba tu? Andika tano yaishe tulale kwa amani."

"Nikuulize," mkewe akasema. "Ukipima kiwanja cha mtu, unaandika urefu ulioupima au urefu anaoutaka yeye?"

Mpima ardhi alikaa kitandani akitazama viatu vyake, kisha akasema, "Haya. Mzee akiendelea hivi, tutatafuta chumba tuhamie." Mama yake aliyasikia maneno hayo, maana alikuwa amesimama mlangoni na chai, na chai ile alirudi nayo jikoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akilia. Nyumba yenye mtoto mmoja na mkwe mmoja, na wote wawili wanataka kuondoka kwa sababu ya namba kwenye fomu! Ndivyo ugonjwa huu unavyokula watu.

Huku ofisini, Mkuu alikuwa ameitoa fomu ya mkwe kwenye rundo na kuitia ndani ya mkoba wake.

"Piga wastani wa hizo zilizobaki," aliniambia.

"Mkuu, darasa lina watu ishirini na nne."

"Hesabu naijua," akasema, hakunitazama.

Wastani ukatoka unang'aa. Jioni ya kuamkia ukaguzi Mkuu alijipigia pasi shati mwenyewe, maana mkewe alikuwa amegoma, na wenye kumjua Mkuu wanajua kwamba kola ya kujipigia yeye hutoka na mikunjo zaidi ya ilivyoingia. Mkewe akamtazama weee, kisha akafungua mdomo.

"Mkuu," alimwita. Mwaona basi, si mzee wangu. "Ulipotakiwa kupasuliwa ngiri, ulinituma nikaulize nini hospitali?"

"Sasa ngiri yangu imeingiaje hapa?"

"Nijibu tu."

"Nilikutuma ukaulize yule daktari amepasua watu wangapi, na wangapi wamepona."

"Nami nikakwambia, si umwulize mwenyewe kama anajua kazi? Ukanijibuje?"

Mkuu akaendelea kupiga pasi mahali palepale.

"Ulisema, mke wangu, hakuna daktari atakayesema hajui. Haya. Mimi nimefundisha darasa la kwanza maisha yangu yote. Sijawahi kumwuliza mtoto 'unajua kusoma?' nikaandika anavyojibu. Nampa kitabu, asome nisikie. Wewe na uzamili wako, kitabu chako kiko wapi?"

Akamwacha na shati lake. Bosi wangu aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake amehojiwa na maprofesa na mawaziri, na hakuna aliyewahi kumtoa jasho kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Wakaguzi wakaja. Walikuwa watatu, na kiongozi wao alikuwa mama mmoja aliyewahi kuendesha hospitali kubwa, mpole, mwenye sauti ya chini, upole ule unaomfanya mtu aanze kukumbuka madhambi yake. Walikutana na darasa zima kwenye ukumbi mdogo, nami niko pembeni naandika kumbukumbu. Akaupitia wastani wetu. Akatabasamu.

"Hongereni. Naona kila mtu amebobea. Hata kwenye ununuzi wa vifaa vya hospitali, wote tano. Nani aliwafundisha?"

Watu wakatazamana. Mwalimu wa somo hilo alihama chuo zamani, hakupatikana wa kuziba nafasi yake, na somo likafa kimyakimya. Lakini stadi ilibaki kwenye fomu, maana fomu yenyewe hakuna aliyekuwa akiisoma. Ilijazwa tu.

Bwana Tano, kama kiongozi, ikabidi asimame. "Tulijifunza kwa ujumla, mama."

"Kwa ujumla kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwa... mazingira."

Kuna mtu alicheka nyuma akajifanya anakohoa. Mama mkaguzi hakucheka. Alizigeuza fomu tena, taratibu, kwa kidole.

"Na darasa ni la watu ishirini na nne. Hapa zipo ishirini na tatu."

Nani angemlaumu Mkuu kama angesema imepotea? Fomu hupotea kila siku maofisini. Nilimwona akimtazama mkwe wake. Mkwe hakumtazama, alikuwa ameinamisha macho mezani, na sote tuliomjua tulielewa kwamba anamwachia baba yake nafasi ya kusema atakalo bila kuona haya. Nadhani hilo ndilo lililommaliza. Mkuu akasimama, akafungua mkoba.

"Iliyobaki hii hapa," akasema. "Ni ya mkwe wangu. Niliitoa mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu niliogopa. Naomba muisome kabla ya hizo nyingine zote."

Miaka yote niliyofanya kazi na mtu yule sijawahi kumpenda na kumheshimu kama dakika ile. Machozi yalinitoka, na kumbukumbu za kikao mpaka leo zina alama ya maji mahali hapo.

Mama mkaguzi akaisoma fomu mpaka mwisho. "Hatujafundishwa," akasoma kwa sauti. "Hili ndilo neno la kweli la kwanza ninalolisoma tangu nifike." Akazikusanya fomu zote, akaziweka chini ya kiti chake. "Basi tusiulizane tena nani anajua. Mtanionyesha."

Akawagawia karatasi zenye majina ya wauguzi wa wodi moja, akataka kila mmoja apange zamu za wiki nzima. Kalamu zikaanza kukimbia. Bwana Tano alimaliza wa kwanza, na yeye hata wino wa rangi alikuwa nao. Mkwe peke yake hakuandika hata nukta. Nikamwona Mkuu akifumba macho. Kisha mkwe akanyoosha mkono.

"Samahani, mama. Naomba kuuliza kwanza."

"Uliza."

"Kati ya hawa, nani anaruhusiwa kushika ufunguo wa dawa kali? Nani amefundishwa mashine ya kupumulia? Na hawa wawili wapya, nani wa kuwaongoza?"

Mama mkaguzi akafungua faili lake, akatoa karatasi nyingine. "Majibu yako hapa. Nilikuwa nangoja kuona nani atayaomba."

Lo! Mngesikia vifutio vilivyoanza kusugua ukumbini! Watu walifuta mpaka meza zikatikisika. Bwana Tano, aliyetumia wino, alibaki ameshika kichwa.

Mkwe akapanga. Mama mkaguzi akaja akasimama nyuma yake, akakata jina moja kwa kalamu. "Huyu kaamka na homa." Mkwe akasogeza wawili, ratiba ikasimama. Mama akakata jina jingine. "Na huyu kafiwa." Hapo mkwe akafikiri kwa muda mrefu, jasho likimtoka puani. Ukumbi mzima ulikuwa umeacha kazi zake unamtazama.

"Hapa, mama, ratiba yangu imevunjika," akasema. "Sina mtu mwenye ufunguo Alhamisi. Siwezi kuificha. Ningempigia mkuu wa wauguzi aniazime mtu kutoka wodi nyingine, na ningempigia Jumatatu, si Alhamisi yenyewe."

"Kwa nini Jumatatu?"

"Kwa sababu Alhamisi mgonjwa atakuwa tayari analia."

Mama mkaguzi akavuta kiti akakaa kabisa. "Nimeajiri wasimamizi wengi," aliliambia darasa. "Ratiba zote huvunjika. Ninayemtafuta ni yule anayejua yake itavunjika wapi." Akamgeukia. "Sasa leo unajipa ngapi?"

"Tatu, mama."

"Mimi nakupa nne. Hiyo tano walio nayo ni wachache, na wengi wao wamestaafu."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Hata Bwana Tano alisimama, na kwa hili nampa heshima yake, akasema mbele ya watu wote, "Mama, naomba fomu yangu nijaze upya." Tulicheka, naye akacheka, na kicheko kile kiliwafanya watu wengine wainue mikono kuomba fomu zao pia. Sijawahi kuona watu wanagombania kujishusha maksi kwa furaha kiasi kile.

Barua ya wakaguzi ilichelewa kuja, na kila siku Mkuu alipita mezani kwangu akijifanya anatafuta klipu. Ilipofika, alinisukumia, akaniambia nimsomee. Kozi imepewa kibali kamili. Iajiri mwalimu wa ununuzi, na kuanzia sasa kila mwanafunzi apimwe akitenda kazi, wodini, mbele ya watu wa hospitali wasiomjua baba yake. Na mwishoni waliandika kwamba walikuwa wamekaribia kuamua kuifunga, mpaka pale mkuu wa kozi alipofungua mkoba wake. Kozi ambayo mkuu wake anaweza kusimama akautaja ubovu wake, waliandika, inatengenezeka.

Nilipiga kigelegele ofisini, mlinzi akaja mbio akidhani kuna moto. Nilipompigia simu mke wa Mkuu, alikipokea kigelegele changu na chake, na tukaendelea hivyo kwenye simu kama watoto.

Wanafunzi waliofuata walipimwa kwa njia mpya, na wastani wetu ukaporomoka. Hakuna aliyelia. Hospitali zilizokuwa zikitupokea kwa kubembelezwa zikaanza kutuandikia zenyewe, zikiomba wahitimu wetu kabla hata hawajahitimu. Mkwe aliajiriwa kusimamia wodi zote za hospitali ileile alikofanyia mafunzo, na wauguzi waliokuwa wakimtoa makosa ndio waliokwenda kumwombea kazi kwa mkurugenzi.

Lakini nirudi jioni ya siku ile ya barua, maana hiyo ndiyo niliyoishuhudia kwa macho yangu juu ya ukuta, na wala sioni haya kusema nilipanda ndoo. Mkuu alifika nyumbani, hakuvua hata tai. Mkewe alikuwa uani na mtoto wao, na mkwe alikuwa amesimama pembeni, hajui aje mbele au arudi nyuma.

"Mwanangu," Mkuu akaita.

"Abee..." akasita. Neno lilimkwama.

"Limalizie."

"Abee, baba."

Mkuu akavuta viti viwili mezani. "Nimefundisha zamu kutoka vitabuni ujana wangu wote na uzee wangu huu. Sijawahi kupanga hata moja ya watu walio hai. Kaa hapa unifundishe. Na usinionee huruma."

Mkwe alicheka, akalia, akacheka tena, akaleta karatasi. Mama akazima redio. Mpima ardhi akasimama nyuma ya baba yake na viatu vyake vya matope, na hakuna aliyemfukuza. Mkuu akapanga zamu yake ya kwanza, akamsogezea mkwe karatasi kwa majivuno kidogo, na mkwe akaiangalia, akasema kwa adabu, "Baba, Jumapili mgonjwa wako analia." Mkuu akaitazama ile Jumapili, akapiga paja, akacheka kwa sauti iliyovuka viwanja vyote vya mtaa, kisha akanyoosha mkono akaomba karatasi nyingine.

FUNZO LA HADITHI HII

Wazazi, walimu, na ninyi mnaoongoza wenzenu, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nami nasema maradhi yanayofichwa kwa maksi huumbuliwa na mgonjwa asiyekuwa na hatia. Msimwulize mtu kama anajua kisha mkaandika alivyojibu. Mpeni kazi, mkae pembeni, mtazame.

Mtu akikwambia hajui, usimzibe mdomo kwa kuogopa wageni. Huenda yeye peke yake ndiye aliyesoma mpaka akaona mwisho wa alichosoma. Anayejishusha kwa sababu ameona kazi ilivyo ameshaanza kuijua, na anayejipandisha bila kuitazama hajaianza.

Na wewe uliyekwisha ficha fomu ya mtu ndani ya mkoba wako, maana najua mpo, usikate tamaa. Simama uitoe. Kitakachokufedhehesha kwa dakika chache ndicho kitakachoiokoa kazi yako, na nyumba yako, na mgonjwa ambaye hutamwona kamwe. Kukiri kosa mbele ya watu hakumshushi mkubwa. Sisi tuliokuwepo ukumbini siku ile tulimwona mkubwa wetu akikiri, na tangu siku hiyo tunamwita Mkuu kwa moyo mmoja, hata mkewe humwita hivyo akiwa na furaha.